Kabla ya kuandika andiko la bustani, wapelekeni wanafunzi kisimani

Miaka mitatu sasa nasimamia vikundi vya wanafunzi wa kidato cha pili hapa Wete, Pemba. Kila kikundi hupanga bustani ya mboga ya mtaa, kikaandika andiko na kulipeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kuomba eneo. Walimu wenzangu wanaotaka kuanza kazi hii wananiuliza andiko linaandikwaje. Mimi nawajibu kwamba karatasi ije mwisho.

Mwaka wa kwanza niliitanguliza. Wanafunzi wakaandika kurasa tisa: umuhimu wa lishe, umuhimu wa mazingira, umuhimu wa umoja. Eneo walilolichagua lilikuwa wazi, lina minazi saba tu. Siku ya kulitazama pamoja na wakubwa wa mtaa, babu mmoja akatuambia kwa upole kabisa, "Ardhi sina neno nayo. Lakini minazi hii ni yangu, na mizizi musinikatie." Huku kwetu mtu anaweza kuwa na mti wake juu ya ardhi isiyokuwa yake, na mimi, mzaliwa wa hapa hapa, sikuwakumbusha wanafunzi waulize. Kazi ya wiki sita ikaishia pale. Kosa lilikuwa langu, na liliwauma wao.

Tangu hapo kila kikundi kinaanza kwa miguu. Wanatoa salamu, wanakaa kwenye baraza za watu, wanauliza: eneo lile ni la nani, miti ni ya nani, mbuzi wa nani hupita pale jioni? Nyumba hii inanunua mboga gani? Wasiende na majibu yao. Kikundi kimoja kilikwisha kuamua kitapanda mchicha, mpaka bibi mmoja akawaambia, "Mchicha nnao hapa uani. Kinachonitoa pesa ni tungule," yaani nyanya. Walipouliza nyumba nyengine wakasikia hilo hilo, wakabadilisha mpango mzima, pamoja na wakati wa kupanda, maana tungule hutaabika kwenye mvua nzito za masika. Ikawa wasie kitaluni mwishoni mwa masika, miche ihamishwe kipupwe kinapoingia.

Baada ya watu ni maji, na hapa nakuombeni musiwe na haraka. Hesabu ninayoitumia wakati wa jua ni lita 4 mpaka 5 kwa kila mita moja ya mraba ya tuta kwa siku. Wanafunzi hupenda kuchora matuta ya mita 100 za mraba kwa sababu yanapendeza kwenye karatasi. Hizo ni lita 400 mpaka 500, yaani madumu 20 mpaka 25 ya lita 20, kila siku ya Mungu. Ukiwaambia ubaoni wataandika na kusahau. Wape madumu. Mwaka jana msichana mmoja alifika safari ya nne kutoka kisimani, akalitua dumu, akaufuta mkono kwenye sketi, akachukua kalamu na kuikata nusu nzima ya mchoro wao. Hakuna aliyembishia. Mfereji wa skuli, yaani bomba, usiutegemee peke yake. Siku maji yasipotoka, miche haisubiri.

Udongo nao wauchimbe kwa jembe. Upande wetu huu una udongo wa kina, lakini ukielekea Micheweni kuna sehemu jembe linagonga jiwe mara moja, na mpango wa hapa hauwezi kunakiliwa kule. Kwenye mteremko, matuta yakate mteremko, la sivyo masika yatayateremsha bondeni.

Sasa ndipo waandike. Ukurasa mmoja na ramani iliyopimwa kwa hatua unatosha. Bei zitoke dukani, waende wenyewe wakaulize mbegu, keni ya kumwagilia, miti na makuti ya ugo. Kikundi kikiniletea "vifaa mbalimbali" nakirudishia karatasi yake. Ugo usikose kwenye hesabu, maana mbuzi mmoja jioni moja anatosha kumaliza kitalu.

Kitu ambacho wanafunzi hukisahau karibu kila mara ni zamu. Skuli ikifungwa, Ramadhani ikiingia, wenyewe wamefunga na jua ni kali, nani anachota maji? Mimi sipokei andiko lisilokuwa na jina la mtu mbele ya kila siku ya wiki, likizo zikiwemo, na nusu ya majina hayo yawe ya watu wa mtaa waliokubali kwa midomo yao. Andiko la mwisho tulilopeleka, sheha alizipita bei haraka akasimama kwenye jadweli ya zamu. Akauliza Ijumaa ni nani. Kijana mmoja akajibu, "Mimi na mama. Asubuhi, kabla ya sala." Sheha akaomba kalamu.