Projesteroni na Joto la Farasi Jike

SWALI: Baada ya miaka mingi ya kufuga ng'ombe wa maziwa, nimeanza kufuga farasi hapa Usa River, Arusha. Farasi wangu jike hukaa kwenye joto karibu wiki nzima. Alipandishwa siku ya kwanza na hakushika mimba. Sasa daktari wa mifugo anataka tumnyweshe dawa ya aina ya projesteroni. Dawa inayozuia joto itasaidiaje kupata mimba?
Mfugaji, Usa River

JIBU: Ndugu mfugaji, ni kweli kwamba projesteroni huzuia joto, na faida yake inatokana na kuzuia huko huko. Yai likishatoka, mahali lilipotoka kwenye ovari hufanyika tezi ya muda inayotoa projesteroni, nayo huzuia tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, isiachilie kwa wingi homoni ya LH inayopevusha na kutoa yai. Siku ya 14 au 15 hivi, kama hakuna mimba, mfuko wa uzazi hutoa prostaglandini inayoiua tezi hiyo. Hapo kizuizi huondoka, na estrojeni inayotoka kwenye kifuko cha yai kinachokua humtia farasi joto na kuisukuma LH ipande.

Ng'ombe hayuko hivyo. LH yake hupanda na kushuka kwa saa chache, na yai hutoka joto likiwa limeshakwisha. Ya farasi hupanda polepole kwa siku kadhaa, hata hufikia kilele yai likiwa limeshatoka, na yai lenyewe kwa kawaida hutoka saa 24 hadi 48 kabla ya joto kwisha. Kumpandisha siku ya kwanza tu, ambayo kwa ng'ombe ni sahihi, kwa farasi mara nyingi ni mapema mno.

Dawa aliyoitaja daktari hushika nafasi ya tezi ile. Hunyweshwa kila siku kwa siku 10 hadi 15, na ikikatizwa, joto huja baada ya siku 4 au 5 hivi, kwa hiyo mnajua lini muanze kumchunguza. Mwombe daktari apime ovari kwa ultrasaundi. Kifuko kikifika milimita 35 na farasi akiwa bado anainua mkia na kukojoa kidogo kidogo mbele ya dume, apandishwe, kisha arudiwe kila baada ya siku 2 mpaka yai litoke.

Nakusihi jambo moja: anayemnywesha avae glavu, na mwanamke mjamzito asiiguse kabisa, kwa sababu dawa hii hupenya kwenye ngozi.