Nilianza kukimbia, kilo zikapanda

Ule kijana wa balansi ya kupima kilo, pale karibu na soko ya Kenya hapa kwetu Lubumbashi, alitazama sindano, akanitazama, akatazama sindano tena. "Mama, 81." Nikamuambia balansi yako imekufa, nikavua viatu, nikaweka sakoshi chini, nikapanda tena. 81. Nikamulipa nikaenda zangu kimya, juu wiki tatu mbele ya pale nilikuwa na 78 na nusu, na hizo wiki zote tatu nilikuwa naamuka saa kumi na moja ya asubuhi, baridi ya mwezi wa saba watu wa L'shi mnaijua wenyewe, tunakimbia na kikundi chetu tunazunguka Kamalondo tunarudi, kama kilometa ine hivi, mara ine kwa wiki, na siku zingine mbili ni mazoezi ya pompi na sikwati.

Sasa kilo mbili na nusu zimetoka wapi?

Ile usiku nikalala bila kula kwa hasira, kesho yake nikakimbia kizunguzungu kikanikamata nikakaa chini kando ya barabara. Musifanye hivyo. Ku kikundi wakanifariji eti ni misuli, na mimi nikapenda kuamini, lakini nani anaota kilo mbili na nusu za misuli kwa wiki tatu? Misuli inakuyaka pole pole, ni kazi ya miezi.

Njo nikaenda kwa jirani yangu, yaya mumoja muuguzi. Alikuwa anaosha maharagi, akanionesha beseni. "Haya niliyalaza ndani ya maji jana usiku. Uliona vile yalikuwa?" Akasema mwili ukianza kazi ambayo haukuzoea, misuli inaanza kujiwekea akiba ya sukari ili kesho isikosekane, ile sukari inaitwa glikojeni, na kila gramu moja inakamata karibu gramu tatu za maji. Tena misuli iliyochokozwa inavimba kidogo ndani ikijitengeneza, na mimi nikakumbuka wiki ya kwanza, vile nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume kama bibi kizee, nikikaa ku choo nakamata ukuta. Tena na damu yenyewe inaongezeka maji mtu akianza kukimbia. Ukijumlisha yote, kilo moja ao mbili zinaingia bila hata kipande cha mafuta.

Nikafurahi. Nikataka kuaga. Akaniuliza, "Na kisha kukimbia unakunywaka nini?"

Aibu yangu! Kisha kukimbia nilikuwa nakunywa munkoyo (kile kinywaji cha mahindi), nusu lita, na vitumbula vitatu, juu nilijiambia nimetumika. Akanituma kwangu nipime sukari ninayotiaka. Vijiko vitano vya supu. Kijiko kimoja kina kama gramu 12, tano ni 60, na gramu moja ni kalori 4, basi ni 240 ya sukari peke yake. Na kukimbia je? Mutu anatumia karibu kalori moja kwa kila kilo yake kwa kila kilometa, mimi na kilo zangu 78 kwa kilometa ine ni kama 310. Ile munkoyo inakula karibu yote, vitumbula hatujavihesabu, na bukari (ugali) ya saa sita nayo ilikuwa imenenepa bila mimi kujua, juu njaa ya kukimbia si mchezo.

Basi kukimbia sikuacha, na maji ya kunywa sikupunguza. Munkoyo nimeiacha ya siku ya Mungu tu, siku zingine maji na ndizi moja. Kupima ni mara moja kwa wiki, asubuhi, nikitoka choo mbele ya chai, na balansi ni ileile ya jirani, si ya barabarani na nguo na jasho. Na sisi wanawake tusipime siku zinazokaribia damu, maji yanajaa, utalia bure. Kitu kilinisaidia zaidi ni kamba, nilifunga fundo pale inapokutana ku kitovu, wiki ya saba fundo likapita kwa vidole viwili wakati balansi inasema 79 bado.

Lakini kama miguu inavimba, unafinya na kidole inabaki shimo, ao unakosa pumzi ukilala, hiyo si sipori, nenda kwa dokta. Na ule anayekula dexa (vidonge vya dexamethasone) ya kunenepa kwa siri huku anakimbia na sisi asubuhi (uko, unajijua), ile dawa inashika maji na inaongeza hamu ya kula, na kuiacha gafula nako ni hatari, umuulize dokta vile utaishusha.

Juma iliyopita nilipita tena pale ku soko. Ule kijana akaita kwa sauti watu wote wakageuka, "Mama 81, njoo!" Nikamuambia nimetoka kula.