Re: Pawatila inaunguruma, magurudumu hayazunguki

Mkuu, pole. Unasema pawatila, hilo trekta dogo la magurudumu mawili, ilikuwa katikati ya jaruba, ukasikia "tap!", injini ikaendelea kunguruma lakini magurudumu yote mawili yakagoma. Fundi anayetaka kufungua giaboksi leo leo mwambie asubiri.

Klachi za kukatia kona ziko mbili, kila upande na yake. Kufa zote kwa mpigo ni nadra, kwa hiyo ziache. Zima injini, toa kava, tazama mikanda. Ikiwa mizima, washa gia ikiwa huru, simama mbali, angalia puli ya klachi kuu, ile inayopokea nguvu ya injini kupitia mikanda. Haizunguki? Mikanda inateleza, au kile kichuma kinachofunga puli ya injini kimekatika. Inazunguka? Achia klachi kuu ishike, kisha gusisha gia taratibu: ikisaga, nguvu inafika ndani, na ubovu uko mbele ya hapo, kwenye cheni, gia au shafti za giaboksi. Isiposaga, shuku sahani za klachi kuu au marekebisho yake.

Ikisaga, mwaga oili ya giaboksi kupitia kitambaa cheupe. Ukikuta vipande vya chuma, hapo sasa mruhusu fundi afungue. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ya jaruba yameingia. Badilisha oili, na sili zinazozuia maji pia.