Mabaka meusi kwenye bakuli lililokerezwa likiwa bichi

SWALI: Ninakereza mabakuli ya mgunga na mwembe kabla mbao hazijakauka, kwa kuwa mbao mbichi hukatika kwa wepesi. Jioni bakuli huwa safi, lakini asubuhi nalikuta na mabaka ya bluu-nyeusi, hasa pale taya za mashine ziliposhika na pale matone ya maji yaliposimama. Msasa hausaidii. Nifanyeje? (Msomaji, Kongwa)

JIBU: Ndugu msomaji, weka msasa pembeni kwanza, kwa sababu kwa maelezo yako ninashuku chuma kuliko maji. Mgunga una tanini nyingi, ile ile inayofanya magome yake yafae kudabaghia ngozi, na tanini ikikutana na chembe za chuma penye unyevu hugeuka nyeusi; Ulaya walitengeneza wino kwa njia hiyo kwa karne nyingi. Chembe hizo hutoka kwenye taya, kwenye patasi iliyotoka kunolewa, kwenye meza yenye kutu na hata kwenye viganja vyako.

Dondosha tone la limau juu ya baka na usubiri dakika chache. Likififia, ni chuma. Lisipobadilika, na rangi ikawa imefuata nyuzi hadi ndani, hasa kwenye mwembe, basi ni kuvu, ambao hustawi mbao ikiwa na unyevu unaozidi takriban asilimia 20.

Doa la chuma huondolewa kwa asidi ya oksaliki: yeyusha gramu 50 katika lita moja ya maji ya vuguvugu, ndani ya chombo cha plastiki, kisha upake bakuli zima, kwa sababu ukipaka baka peke yake utabakiwa na sehemu iliyopauka. Suuza mara kadhaa kwa maji safi. Asidi hii ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na miwani, na usipige msasa kabla ya kusuuza, maana vumbi lake huumiza mapafu. Bakuli la chakula mimi ningelitibu kwa limau tu, hata kama baka halitaisha lote.

Kuvu uliokwisha kuzama ndani hautoki kwa asidi hiyo. Dawa yake ni kukereza gogo la mwembe mapema baada ya kukatwa, lisilale chini kwa majuma.

Taya nazo zishike kitako cha ziada utakachokikata baadaye. Ukimaliza kukereza, zungusha bakuli tupu kwa kasi ili maji yaruke, ulifute kwa kitambaa kikavu, na usilifukie kwenye maranda mabichi, kwani yamebeba unyevu pamoja na chembe za chuma. Upepo mkavu wa Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba hupasua mbao upesi, hivyo miezi hiyo litie kwenye mfuko wa karatasi na uubadilishe unapolowa. Wakati wa mvua liache kwenye kichanja kivulini, hewa ipite pande zote.