Akaunti "iliyopandishwa" kwa shilingi 80,000: mkuu, usitume hata senti

Mkuu, funga kwanza hiyo WhatsApp ya dalali ndipo usome hapa.

Umesema uko Uyole, unarudi kazini usiku, una saa moja tu ya kucheza Old School RuneScape (mchezo wa mtandaoni wa kupandisha levo za mhusika wako), na kuna jamaa anakuuzia akaunti yenye levo 60 za ujuzi wa Attack (kushambulia) na 60 za Strength (nguvu) kwa shilingi 80,000, nusu kwanza na nusu ukishapewa nywila. Eti "iko zaidi ya nusu ya safari, wewe mtu wa kazi utapanda lini mwenyewe?" Ukauliza pia simu au laptop, bando, na chama cha kujiunga. Hayo mengine yanasubiri. Hili la akaunti ndilo litakaloondoka na pesa yako, na inauma kuona kila mwezi mtu mwingine anaingizwa kwenye shimo lile lile kwa maneno yale yale.

Tuanze na huo uongo wa nusu ya safari, maana ndio unaouza. Levo kwenye mchezo huu hazilingani urefu. Levo 60 ni XP (pointi za uzoefu) 273,742. Levo 99, ya mwisho, ni XP 13,034,431. Gawanya mwenyewe kwa simu yako: ni asilimia 2 na kidogo. Nusu ya safari ya ujuzi mmoja ni levo 92, yaani XP 6,517,253. Kwa hiyo huyo bwana anakuuzia asilimia 2 ya njia kwa ujuzi mbili, anaiita zaidi ya nusu, na anajua vizuri anachofanya. Levo za mwanzo ndizo nyepesi kuliko zote na zimewekwa hivyo makusudi, ili mtu mwenye saa moja kwa siku aone anasogea.

Sasa angalia tena picha ya skrini uliyobandika hapa. Umetazama namba kubwa mbili, hukutazama iliyo chini yake. Defence (kinga) 1. Prayer (sala) 1. Pointi za misheni sifuri. Hiyo si akaunti ya mchezaji wa kawaida. Ni umbo la akaunti wanalotafuta wapiganaji wa Wilderness, eneo ambalo wachezaji wanauana wenyewe kwa wenyewe, wanaotaka kupiga kwa nguvu huku levo yao ya mapigano ikibaki chini. Wewe umesema unataka kutembea ulimwengu, kufanya misheni na kupumzisha kichwa. Kwa Defence 1 utavaa shaba na chuma cha kawaida tu. Metali za juu zaidi za mchezo zinapanda hivi: steel inataka Defence 5, mithril 20, adamant 30, rune 40. Hata ukifika hiyo 40, rune platebody (deraya ya kifua) haivaliki mpaka umalize misheni ya Dragon Slayer I, na hiyo haikubali kuanza mpaka uwe na pointi 32 za misheni. Hapo una sifuri.

Na hiyo Attack 60 unayoilipia? Kwenye seva za bure silaha za kawaida zinaishia kwenye rune, ambayo inataka Attack 40 tu. Silaha za dragon ndizo zinazotaka 60, na ni za wenye uanachama wa kulipia. Tena dragon scimitar (upanga uliopinda), ambayo kila mtu anaililia, haishikiki mpaka umalize Monkey Madness I, na kabla yake kuna Tree Gnome Village na The Grand Tree. Misheni hizo dalali hakufanya hata moja. Kwa hiyo levo 20 za juu umezilipia na hazikupi silaha mpya siku utakayoingia.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni kwamba akaunti haitakuwa yako hata siku moja. Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza, inayoutengeneza mchezo huu, inakataza kuuza, kununua na kuazimana akaunti. Akaunti za mfumo wa zamani zina njia ya kurudishwa kwa mwenyewe: anaandika barua pepe ya kwanza, nywila za zamani, lini na wapi ilifunguliwa, na malipo ya kwanza yalifanyikaje. Nani ana majibu hayo? Aliyeifungua. Wewe utabadilisha nywila, utaweka PIN ya benki ya mchezo, utalala usingizi. Yeye baada ya wiki mbili anajaza fomu na akaunti inarudi kwake, pamoja na kila ulichokusanya ndani. PIN haitakuokoa: mwenye akaunti akiomba ifutwe, inasubiri siku 3 au 7 kulingana na ilivyowekwa, kisha inaondoka. Ni sawa na kununua bodaboda Mwanjelwa huku kadi ikibaki na jina la muuzaji na yeye ana ufunguo wa pili.

Akisharudishiwa anaiuza tena kwa mtu wa Iringa, halafu Makambako, halafu Songea. Wewe ukimuuliza, hapatikani. Ukilalamika Jagex, unalalamika kuwa umevunja sheria yao, na wanaweza kuifunga tu.

Kuna njia ya pili ya kuipoteza. Akaunti nyingi za namna hii hazikupandishwa na mtu, zimepandishwa na programu inayobofya yenyewe usiku kucha. Adhabu huwa haiji siku ile ile. Inaweza kukukuta wewe wakati muuzaji ameshakula pesa yake. Utaingia jioni ukute ujumbe wa kufungiwa, na rufaa haina la kusema kwa sababu kosa lilifanyika kweli kwenye akaunti hiyo.

Nina hasira sana na hawa madalali, na siombi radhi kwa hilo. Hawamwendei mchezaji mzoefu hata mara moja. Wanavizia mtu aliyeandika "nina muda mdogo", kwa sababu wanajua ana aibu ya kuwa nyuma. Wanakutumia picha za skrini za "wateja walioridhika", wanakupa namba ya kulipia yenye jina tofauti na lao, wanasema kuna mwingine anaisubiri kwa 100,000 hivyo uwahi kabla ya saa mbili. Hakuna mwingine. Ukishatuma nusu, inakuja "ada ya kuhamisha", kisha "ada ya kubadilisha barua pepe". Kwenye pesa za simu muamala uliotuma kwa hiari yako kuurudisha ni shughuli nzito, hasa akishatoa kwa wakala.

Kanuni ni moja tu, na nakuomba uishike kama hutashika kingine: cheza kwenye akaunti uliyoifungua mwenyewe, kwa barua pepe yako, na nywila asiijue mtu mwingine duniani. Si rafiki wa chuo, si kaka yako, si anayejitolea "kukupandishia bure".

Fanya hivi usiku wa leo. Fungua barua pepe mpya ya mchezo huu peke yake. Fungua Jagex Account kwa barua pepe hiyo, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya namba kwenye simu, na zile namba za akiba wanazokupa ziandike kwenye daftari. Usizipige picha ukaziacha kwenye simu hiyo hiyo. Simu ikiibiwa stendi ya Nane Nane umepoteza vyote kwa pamoja. Ukifika kwenye benki ya kwanza ndani ya mchezo, weka PIN ya tarakimu 4 na uchague kuchelewa kwa siku 7.

Akaunti mpya ya bure ina vizuizi vya kubadilishana vitu mpaka utimize mambo matatu: saa 20 za kucheza, jumla ya levo 100, na pointi 10 za misheni. Usivichukie. Kwa saa moja kwa siku ni wiki tatu hivi, na ndizo wiki za kujifunza ramani. Pointi 10 zinapatikana kwa misheni nne: Cook's Assistant 1, The Restless Ghost 1, Vampyre Slayer 3 na Goblin Diplomacy 5.

Goblin Diplomacy inawashinda wengi kwa sababu ya rangi, kwa hiyo niifungue. Unahitaji goblin mail (deraya za vibwengo) tatu, moja uipake rangi ya chungwa, moja ya bluu, moja uiache ilivyo. Rangi anatengeneza Aggie, mchawi wa Draynor, kwa sarafu 5 kila moja. Nyekundu mpe redberries 3, njano mpe vitunguu 2, bluu mpe majani 2 ya woad. Nyekundu na njano ukizichanganya unapata chungwa. Majani ya woad yuko nayo Wyson, mtunza bustani wa Falador. Mwambie utampa sarafu 20, atakupa mawili kwa mpigo. Ukitaja 15 anakupa moja tu na unarudi kumwomba tena. Jumla ni sarafu 35 kwa wote wawili, uwe nazo kabla ya kuanza safari. Kosa la kawaida ni kuchanganya nyekundu na bluu: hapo unapata zambarau, ambayo majenerali wa goblin hawaitaki, na inabidi uanze kuchuma upya.

Vampyre Slayer inakupa XP 4,825 za Attack, yaani kutoka levo 1 unatua levo 20 kwa jioni moja. Beba kitunguu saumu, mti uliochongwa anaokupa Dr Harlow kwa bia moja pale baa ya Varrock, na nyundo. Nyundo ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo Count Draynor, levo 34, hamalizwi hata umpige mpaka asubuhi. Na The Knight's Sword inatoa XP 12,725 za Smithing, kutoka 1 mpaka 29. Dalali angekutoza kiasi gani kwa hizo?

Uanachama acha mpaka umalize haya. Ukiutaka, lipia mwenyewe ndani ya programu rasmi; kadi ya mtandaoni ya huduma za pesa za simu inatosha. Bond, tiketi ya uanachama inayonunuliwa kwa pesa au kwa dhahabu ya mchezo, inatoa siku 14, na siku zinahesabika hata ukiwa umelala au umeme umekatika, kwa hiyo itumie unapoanza likizo, siyo wiki ya kufunga mahesabu. Na usijaribu kuilipia kwa dhahabu ya mchezo. Bei yake imezidi sarafu milioni 10. Mgeni anayepata 300,000 kwa saa anahitaji saa zaidi ya 33, na wewe katika siku 14 una saa 14.

Simu inatosha. Akaunti ni ile ile kwenye simu na kompyuta tangu Oktoba 2018, na mchezo unapiga hatua kila sekunde 0.6, hivyo mtandao wa kusuasua wa usiku hauui kitu. Chagua seva za Uingereza au Ujerumani. Ila usianze pambano betri ikiwa asilimia 5. Mtandao ukikatika katikati ya ngumi, mhusika wako anabaki amesimama anapigwa.

Na kama nusu ya ile 80,000 umeshaituma kabla ya kuandika uzi huu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, ukiwa na namba ya muamala mkononi, uombe wauzuie kabla hajafika kwa wakala.