Ukiiona 2147483647, usiipigie simu

Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza programu kwa malipo, nilimfungia mama mmoja mwenye duka la vipodozi mfumo wa kuandikisha wateja. Siku ya tatu akanipigia: "Mwanangu, hivi inawezekana wateja wangu wote wana namba moja ya simu?" Nikacheka. Kufungua kompyuta, kicheko kikakata. Wa kwanza, 2147483647. Wa pili, 2147483647. Mia na kitu, wote hivyo hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Safu ya simu niliiweka iwe ya namba ya biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1, moja ikishika alama ya chanya au hasi), na safu ya namna hiyo haivuki 2147483647, yaani chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Wakati wa majaribio niliingiza 0712 na kuendelea, ikakubali (sifuri ya mbele ikapotea, wala sikushtuka). Dukani wakaanza na 255, tarakimu zikawa 12, na kanzidata (ghala la taarifa za programu) badala ya kukataa ikaandika kikomo chake kwa kila mteja. Simu iandike kama maandishi, nani anajumlisha namba za simu? Na ukitunza fedha kwa senti kwenye safu hiyo, unakwama kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47.

Aibu ilipopoa nikaanza kuichokonoa namba yenyewe. Kumbe ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mimi nilitaka kuhakikisha kwa kuigawa kwa kila namba kuanzia 2, kompyuta ikahangaika nami nikaenda kunywa chai. Usifanye hivyo. Ishia 46340, kwa sababu namba ikiwa na vigawo viwili, kimoja lazima kisizidi kipeuo chake cha pili.

Mwanahisabati wa Uswisi, Leonhard Euler, alifupisha zaidi. Mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamekufa, alithibitisha kwamba namba hii ni tasa. Alijua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 62. Hapo zinabaki namba 747 tu za kujaribu. Tena kigawo hicho ukikigawa kwa 8, baki ni 1 au 7, basi karibu nusu ya hizo nazo zinaanguka. Ya kwanza iliyo tasa ni 311. Igawe 2147483647 kwa 311 mwenyewe kwenye karatasi uone inavyokataa.

Kabla hujafunga kazi ya mteja, kagua na tarehe. Mifumo inayohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa biti 32 itafika kwenye tasa hii Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata hesabu itageuka hasi, na mingi itadhani ni Desemba 1901. Duka la yule mama bado linatumia programu yangu. Safu ya tarehe nimeibadilisha, na yeye sijamwambia.