Baba ametolewa figo: je, amebakiza miaka 5 tu?

SWALI: Baba yetu ana miaka 61. Mwezi uliopita alitolewa figo ya kushoto yenye uvimbe wa sentimita 6. Ripoti ya maabara imeandika saratani, pT1b, daraja la 2. Ndugu wamesoma mahali habari za "miaka mitano", na sasa nyumbani wanahesabu siku zake. Je, ni kweli? Na figo iliyobaki tuitunzeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Si kweli, na tunaomba uwasomee ndugu jibu hili. Miaka 5 ni kituo cha watafiti cha kuhesabia walio hai, basi. Atakayeishi miaka 25 baada ya upasuaji naye amo katika hesabu hiyo.

Kwa takwimu za Marekani, saratani ikiwa bado imo ndani ya figo, takriban wagonjwa 93 kati ya 100 hufikisha miaka hiyo 5, wakilinganishwa na watu wa rika lao wasio nayo. Ikivuka hadi tezi na nyama za jirani, ni karibu 75. Ikifika mapafuni au mifupani, ni chini ya 20, ingawa idadi hiyo inajumuisha watu waliotibiwa kabla tiba za sasa za kuamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani hazijaenea.

Baba yenu yumo kundi la kwanza. pT1b ni uvimbe uliozidi sentimita 4 bila kupita 7, ukiwa haujatoka nje ya figo. Madaraja, yaani ukali wa seli za saratani, huenda 1 hadi 4. La 2 si kali. Mwulizeni daktari aina ya seli, na kama kingo za kilichokatwa ni safi, yaani hazina seli za saratani.

Hata hivyo saratani hii inaweza kurudi, hasa miaka 3 ya mwanzo, mara nyingi mapafuni na bila maumivu yoyote. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa: mgonjwa anajiona mzima, nauli inauma, kliniki inaachwa. Asiache. Kipimo cha CT (picha za kina za eksirei) cha kifua na tumbo hufanywa kwa kawaida kila miezi 6 hadi 12 mwanzoni, na ufuatiliaji huendelea miaka 5 au zaidi. Akipata kikohozi kisichokoma, maumivu ya mifupa au damu kwenye mkojo, aende bila kungoja tarehe.

Figo iliyobaki ikiwa nzima hutosha. Apimwe presha, kriatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyochuja) na protini ya mkojo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni asinunue kiholela dukani, maana hupunguza damu inayofika kwenye figo. Dawa za mizizi nazo aziache.